Filamu ya fumbo ambamo mwandishi hajui alichobuni na kilichotokea: mwongozo kamili wa kuitengeneza ukiwa Tanga

Filamu ya fumbo yenye mwandishi katikati, ambaye hadithi anayoitunga inaanza kuchanganyika na maisha yake, huwavutia sana watengenezaji wachanga. Inataka wahusika wachache, nyumba moja na usiku. Hatari yake ni kwamba mtengenezaji hujiona ameruhusiwa lolote. Maiti imetoweka? Ni mawazo ya mwandishi. Aliyekufa amerudi? Mawazo. Mwishoni mhusika anashtuka usingizini, na mtazamaji aliyekaa akizikusanya dalili moja moja anajikuta amedhulumiwa. Ana haki ya kukasirika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza filamu fupi ya dakika 15 hadi 20, kwa kamera moja au simu nzuri, na kikosi kisichozidi watu kumi. Msimamo wangu ni kwamba mpaka kati ya kilichobuniwa na kilichotokea lazima uwe na kanuni, kanuni hiyo iandikwe kabla ya sini ya kwanza, yaani tukio la kwanza la filamu, na isivunjwe hata mahali pamoja. Ukishaipata, mambo mengine yote, kuanzia skripti, taa, sauti hadi uhariri, yanapangwa kwa kuitazama yenyewe.

Nimeuweka mfano wangu Tanga kwa sababu ni mji ambao ukweli wake wenyewe unasikika kama wa kutungwa. Mwezi Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kwa meli kutoka India liliteremka hapa, likashindwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani na askari wao Waafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na katikati ya mapigano makundi ya nyuki yakawavamia wapiganaji. Weka jambo hilo kwenye skripti leo, uone utakavyoambiwa umetia chumvi. Kwa upande mwingine yapo ya kutungwa yanayosimuliwa kama kweli. Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji, husemwa kuwa yanatokeza Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Wataalamu waliyapima mwaka 1994, na refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Hata hivyo simulizi inaendelea. Mtu aliyekulia katika mji wa namna hii hatahitaji kufundishwa kwamba habari moja inaweza kuwa na miguu yote miwili, mmoja kwenye tukio na mwingine kwenye baraza.

Hatua ya kwanza: andika kanuni ya mpaka

Chukua karatasi moja. Andika sentensi moja inayoeleza namna mawazo ya mwandishi yanavyokutana na ukweli. Ikihitaji sentensi mbili, bado haijaiva.

Kanuni ninazozijua ziko za namna tatu. Ya kwanza: anachokiandika kinatokea. Hii ni ya uchawi, na inafaa filamu ya kutisha, lakini inaua fumbo, kwa kuwa mtazamaji akishajua kalamu inaweza yote, hana sababu ya kufikiri. Ya pili: mtu mwingine anasoma anachoandika kisha anakitekeleza. Hii ni nzuri, ila itabidi uonyeshe bila kuonekana unaonyesha jinsi mtu huyo anavyolifikia daftari. Ya tatu, ambayo ndiyo naipenda kuliko zote: anachodhani anakibuni, kumbe amekisikia au amekiona bila kukitia maanani. Mwandishi ni shahidi asiyejijua. Hakuna mzimu wala ndoto, na kila kitu kwenye filamu kinaweza kukaguliwa upya.

Hadithi nitakayoitumia mfano inafuata kanuni hii ya tatu. Mwanaidi ni mjane, karani mstaafu, anayeishi Ngamiani, mtaa wa Tanga wenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Usingizi wa uzee ni mfupi. Huamka saa 9 usiku, akaandika hadithi ya upelelezi kwenye kaunta buku mpaka adhana ya alfajiri. Jioni huwasomea majirani barazani sura aliyoandika. Dirisha la chumba chake linatazama kibanda cha fundi baiskeli. Siku moja anaandika kwamba fundi ameuawa na mpwa wake, mwili ukapakiwa kwenye keria ya baiskeli na kupelekwa pwani. Kulipokucha, fundi kweli hayupo. Majirani waliosikiliza hadithi ya jioni wanaanza kumtazama yule kijana kwa jicho baya.

Kanuni yangu kwenye karatasi inasomeka hivi: *kila jambo ambalo Mwanaidi analiandika, mtazamaji amelisikia kupitia dirishani kabla yeye hajaliandika.*

Hatua ya pili: tunga kwanza kilichotokea, kikavu kabisa

Kabla ya kuandika skripti andika taarifa ya tukio kama polisi wa zamu angeiandika, kwa saa na mahali, bila pambo. Katika mfano wetu fundi hakuuawa. Alinunua baiskeli kwa shilingi elfu 40 bila kujua kuwa ni ya wizi, mwenye baiskeli akajitokeza akiwa na wenzake na mapanga, na fundi akaona bora aondoke kwa muda. Mpwa wake alimbeba kwenye keria saa 9 na nusu usiku mpaka ufuko wa Sahare, akampakia kwenye mashua ya wavuvi iliyokuwa inasubiri maji yajae ivuke kwenda Pemba, kisha akarudi peke yake adhana ikiadhiniwa. Kijana ameapa kwa mjomba wake kwamba hatamwambia mtu. Ndiyo maana hawezi kujitetea.

Angalia jinsi maji yanavyoingia kwenye hesabu. Mashua haiondoki saa unayotaka wewe. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 usiku na saa 10 jioni. Kwa hiyo nimeuweka usiku wa tukio kwenye mwezi mwandamo: giza totoro na maji tele kwa wakati mmoja. Mvuvi akiitazama filamu hii atatikisa kichwa kukubali. Ungeweka mashua inaondoka saa 4 usiku wakati wa mwezi mpevu, ungempoteza pale pale, na Tanga wavuvi ni wengi.

Hatua ya tatu: daftari la safu nne

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nami nakuomba usipakimbie. Chora safu nne: *kilichotokea*, *alichosikia*, *alichoandika*, na *mtazamaji anakipata lini*. Kila dalili ijaze safu zote nne. Dalili isiyoweza kujaza safu ya pili imevunja kanuni, itoe.

Hivi ndivyo mistari mitatu ya mfano wetu inavyokaa.

Bei. Kilichotokea: fundi na muuzaji wanabishana juu ya elfu 40. Alichosikia: namba tu, ikirudiwarudiwa gizani. Alichoandika: muuaji anaishi Barabara ya 40, barabara isiyokuwepo Ngamiani. Mtazamaji anaisikia dakika ya kwanza, nyuma ya sauti ya kalamu, kabla hajajua kwamba inafaa kusikilizwa.

Keria. Kilichotokea: kijana anapita na mjomba wake nyuma. Alichosikia: baiskeli inayolia *nyii, nyii* kwa kila mzunguko wa pedali. Alichoandika: muuaji alipita amebeba mzigo mzito, akarudi mtupu. Hili limekuwa kweli tupu! Keria ile hulia ikiwa na uzito tu. Mtazamaji anaisikia ikilia dakika ya tatu, na inaporudi kimya dakika ya tano, adhana imeifunika, hatatambua kuwa ni baiskeli ile ile mpaka aitazame filamu mara ya pili.

Kikohozi. Kilichotokea: fundi, mwenye kifua cha miaka mingi, anakohoa mara moja akiwa kwenye keria. Alichosikia: sauti kavu, fupi. Alichoandika: mbwa mgonjwa alibweka uchochoroni. Hii ndiyo dalili inayofungua fumbo, kwa sababu maiti haikohoi.

Dalili tatu za namna hii zinatosha filamu ya dakika 20. Ukizidisha, mtazamaji anachoka, nawe unapoteza nafasi ya watu kuishi. Na usisahau dalili ya uongo, ila nayo iwe na chanzo halali. Barabara ya 40 inampoteza mtazamaji kwa haki, maana namba hiyo ameisikia ikitajwa.

Hatua ya nne: mjenge mwandishi kama mtu, si kama picha ya mwandishi

Waandishi wa kwenye filamu wana mavazi yao: miwani iliyoteremka puani, karatasi zilizofinyangwa sakafuni, chupa mezani. Achana nayo. Mkoa uliomzaa Shaaban Robert, pale Vibambani mwaka 1909, hauna haja ya kuazima sura ya mwandishi kutoka mbali. Yeye mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali aliyeandika pembeni ya ajira. Mwanaidi awe hivyo: mtu wa hesabu na mafaili, mwenye mwandiko wa karani, anayechora mstari pembeni ya ukurasa kwa rula na kuandika tarehe juu.

Tabia hiyo ya ukarani ndiyo itakayomwokoa kijana. Kwa sababu Mwanaidi huandika tarehe na saa pembeni ya kila aya, ataweza kurudi nyuma na kugundua kwamba "mbwa" na "mzigo" vimo kwenye aya moja, dakika ile ile.

Kwa upande wa vifaa: nunua kaunta buku nne zinazofanana na kalamu za aina moja. Mwigizaji aandike kwa mkono wake, kurasa zote zitakazoonekana, kabla ya siku ya kupiga picha. Ukitumia mkono wa mtu mwingine, mtazamaji wa fumbo, ambaye macho yake yako makini kuliko wa filamu nyingine yoyote, ataanza kujiuliza kama mwandishi ni wawili.

Hatua ya tano: skripti

Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Lenga kurasa 17 au 18, uache nafasi ya ukimya. Andika tu kinachoonekana na kinachosikika. "Mwanaidi anaanza kuwa na wasiwasi kama alibuni au alisikia" hakipigiki picha. "Mwanaidi anaacha kuandika. Anafungua dirisha. Anasubiri" kinapigika.

Mazungumzo yawe mafupi, na yafuate adabu ya mtaa. Fumbo linakuwa na nguvu zaidi mtu anapoficha jambo huku heshima ikiwa mahali pake:

KIJANA: Shikamoo bibi.

MWANAIDI: Marahaba mwanangu. Mjomba wako simwoni.

KIJANA: Kasafiri.

MWANAIDI: Mtu wa kifua kile, asafiri usiku?

KIJANA: *(anaokota spoki, anaifuta)* Sijasema usiku, bibi.

Mstari wa mwisho unafanya kazi mbili. Kwa majirani waliosimama pale, ni kijana aliyejikanyaga. Kwa Mwanaidi, ni mara ya kwanza anapojiuliza yeye mwenyewe amejuaje kuwa ilikuwa usiku.

Sini za barazani ziandike kwa upendo. Ndipo hadithi inapogeuka kuwa tuhuma, na haigeuzwi na mtu mbaya. Wanageuza watu wazuri, wanaokula mikate ya kumimina na kumsifu bibi kwa utunzi wake. Mmoja atasema "Tanga hii, waja leo waondoka leo", wengine wacheke, na kijana apite na baiskeli yake kicheko kikatike. Usiongeze neno hapo.

Hatua ya sita: mahali na vibali

Tafuta nyumba kwanza, mengine baadaye. Unataka chumba chenye dirisha la nondo na mbao linalotazama uchochoro, ukutani pasiwe na rangi inayong'aa. Kaa ndani ya chumba hicho kuanzia saa 9 usiku mpaka kuche kabla hujakikubali. Usitazame, sikiliza. Kama kuna jenereta, mashine ya kusaga au baa karibu, tafuta kwingine hata kama dirisha ni zuri namna gani.

Kwa pwani, Sahare inatosha. Kisiwa cha Toten, kilicho mbele ya mji, kinafaa kuonekana kwa mbali tu katika sini za kubuniwa, ambako Mwanaidi anaupeleka mwili wa fundi. Huhitaji kuvuka. Amboni je? Pazuri mno, na kwa sababu hiyo nakushauri usiende. Pango litaivuta filamu kwenye utisho wa majini na mizimu, wakati fumbo letu liko kwenye keria ya baiskeli. Kama hadithi yako wewe inalihitaji pango kweli, nenda na mwongozaji wa pale, na usimpige picha mtu aliyekuja kutambika bila ridhaa yake.

Vibali vianze mapema. Filamu nchini zinasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Omba kibali cha kupiga picha kabla ya kuanza, ukiwa na skripti na orodha ya maeneo. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe, hata kama una karatasi ya juu, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa ndiye atakayepigiwa simu usiku wa manane watu wakiona taa na vijana wamesimama uchochoroni. Bandari, stesheni ya reli na maeneo ya ulinzi usiyaguse bila ruhusa ya wenyewe. Magofu ya kale kama Tongoni yana wasimamizi wao na taratibu zao. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na filamu hii haina haja ya droni.

Jambo moja la ubinadamu: mwambie mwenye nyumba na majirani hadithi yote, pamoja na kwamba kuna tuhuma ya mauaji. Usitumie kibanda cha fundi wa kweli chenye jina lake ukutani. Jenga chako kwa mabati na matairi ya zamani. Fundi halisi akibaki na sifa ya muuaji kwa ajili ya filamu yako, umefanya kile kile ambacho filamu inakilaumu.

Hatua ya saba: kamera

Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka kamera fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, usije ukapata taa zinazopepesa. Kwenye simu tumia programu inayokuruhusu kufunga shata, mwanga na fokasi, vinginevyo picha itajirekebisha yenyewe katikati ya sini kila mtu akisogea.

Sasa swali kubwa: dunia ya hadithi na dunia ya kweli zitofautishwe vipi? Wengi hukimbilia rangi ya bluu, ukungu, picha inayoyumba. Mtazamaji akiona ukungu tu anajua "hii ni ya kubuni" na fumbo limekwisha. Tumia lenzi ile ile, rangi ile ile, mwendo ule ule. Weka tofauti moja tu, ndogo, ya kudumu. Mimi ningechagua jasho. Katika sini za kweli watu wa Tanga wanatoka jasho kama kawaida yao: kola imelowa, kanga inafuta paji la uso. Katika sini za hadithi ya Mwanaidi hakuna anayetoka jasho, hata muuaji anayesukuma mwili mchangani. Hakuna atakayeliona mara ya kwanza. Mara ya pili hatoweza kuacha kuliona. Mpe mtu mmoja wa kikosi kazi hiyo peke yake, akiwa na chupa ya kunyunyizia maji, taulo na orodha ya sini.

Usiku upigwe kwa mwanga mdogo wenye chanzo kinachoeleweka: kibatari mezani, balbu moja ya kibarazani ya jirani. Ukitaka bluu ya angani nyuma ya dirisha, una dakika chache sana. Karibu na ikweta jua halichelewi kuzama, ikishaingia magharibi giza linafuata mara moja. Fanya mazoezi ya sini hiyo alasiri nzima, kamera iwe tayari mahali pake, ndipo usubiri. Na uepuke saa 5 hadi saa 9 mchana kwa sini za nje, jua la utosini linachimba vivuli machoni mwa watu.

Hatua ya nane: sauti, ambayo ndiyo filamu

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja kizuri, nunua maikrofoni. Kanuni yetu yote imejengwa juu ya alichosikia Mwanaidi, basi sauti mbovu ni sawa na kurasa za mwisho zilizochanwa.

Sauti za dalili zirekodi peke yake, usiku, bila kamera. Tafuta baiskeli ya zamani yenye keria inayolia. Tanga hutozikosa. Mpakie mtu mzima, mpitishe uchochoroni huku maikrofoni ikiwa ndani ya chumba, mahali kichwa cha Mwanaidi kilipo, dirisha likiwa wazi kiasi kile kile cha kwenye picha. Rudia na keria tupu. Usirekodi karibu kisha ukapunguza sauti kwenye kompyuta. Sikio linajua umbali, na baiskeli iliyopunguzwa haisikiki kama baiskeli ya mbali. Kikohozi nacho kirekodi hivyo hivyo, kikiwa juu ya keria inayotembea, mara nyingi, mpaka upate kile ambacho mtu asiyejua atakiita mbwa na anayejua atakiita mtu.

Halafu rekodi ukimya wa chumba, dakika mbili bila mtu kusogea. Utauhitaji kuunga sini zote za usiku. Miezi ya kaskazi na ya kusi upepo wa pwani haukosekani, kwa hiyo maikrofoni ivishwe manyoya yake kila ukitoka nje.

Adhana ya alfajiri haipaswi kutumiwa kama mlio wa kutisha. Hapa ni saa ya watu, ndiyo inayotuambia kijana amerudi wakati gani, na ndiyo inayomwinua Mwanaidi mezani. Irekodi kwa mbali, iache iende kwa utulivu wake, na umweleze imamu unachofanya.

Hatua ya tisa: siku za kupiga picha

Panga siku tano. Usiku mbili za chumbani, jioni moja ya barazani, asubuhi moja ya kibandani, usiku mmoja wa pwani wenye bamvua. Masika, Machi hadi Mei, mvua itakusumbua. Chakula na usafiri vitakula fedha kuliko kamera, na kikosi kilichoshiba hufanya kazi saa 10 usiku bila manung'uniko. Kila mwisho wa siku picha na sauti zihamishiwe kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti.

Hatua ya kumi: uhariri

Hariri kwanza sauti bila picha. Weka sauti za usiku wa tukio zote kwa mpangilio, kisha fumba macho na usikilize kuanzia mwanzo. Ukiweza kuelewa nini kilitokea kwa masikio tu, filamu ina uti wa mgongo. Ndipo uvishe picha.

Sheria ya mkasi katika filamu hii: sauti itangulie maandishi kwa sekunde zisizopungua kumi. Baiskeli inapita, Mwanaidi anachovya kitumbua kwenye chai, anatazama ukuta, *ndipo* kalamu inagusa karatasi. Ukizisogeza karibu mno, mtazamaji ameshajua. Ukizitenga dakika nzima, amesahau, na mwishoni atadhani umemwongopea.

Sini ya kufumbua usiijaze maelezo. Mwanaidi anamwomba kijana ampeleke sokoni, anakaa kwenye keria, baiskeli inaanza kulia *nyii, nyii*. Uso wake. Kisha vumbi la mtaa linampata, anakohoa, na anaisikia sauti yake mwenyewe. Inatosha. Usirudishe picha za nyuma, mtazamaji azirudishe mwenyewe kichwani.

Ikishakaa sawa, mwonyeshe mtu asiyejua kitu. Isimamishe dakika ya 14, umuulize: fundi yuko wapi, na umejuaje? Akijibu "amekufa" na kutaja keria, vizuri. Akijibu "yuko hai" na kutaja kikohozi, vizuri zaidi, umepata mtazamaji makini. Akisema "labda bibi anaota", rudi kwenye daftari la safu nne, kuna mahali umevunja kanuni. Fanya hivyo kwa watu watano au sita wa rika tofauti, na usiwaeleze kitu mpaka wamalize.

Hatua ya mwisho: muziki na kuitoa

Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu, na kishawishi cha kuweka taarabu ya zamani kwenye redio ya jirani kitakuwa kikubwa. Wimbo una mwenyewe. Hakimiliki inalindwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, kwa hiyo pata ruhusa ya maandishi kupitia Ofisi ya Hakimiliki, au mwombe mpiga udi wa mtaani akutungie kipande kifupi na muandikiane. Kwa maoni yangu filamu hii ikae bila muziki kabisa mpaka majina ya mwisho, kwa kuwa muziki utazifunika zile sauti tatu.

Kabla ya kuionyesha hadharani ipeleke Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja. Kisha onyesho la kwanza lifanyie mtaa ule ule ulipopiga picha, jioni, kwa projekta na shuka jeupe ukutani. Weka spika mbili nzuri na uzijaribu siku moja kabla, ukiwa umesimama mstari wa nyuma kabisa: kama kikohozi hakisikiki pale, ongeza spika ya tatu. Onyesha mara mbili mfululizo, na katikati wape watu kahawa na nafasi ya kubishana.